Miaka Yangu ya Kuisemea Bajeti

Niliajiriwa kupiga taipu. Naliweka hilo mbele kwa sababu ninyi mnaoishika kazi hii sasa mmesomea ukalimani, mna vyeti vyenye mihuri, na huenda mkadhani nasi tuliingia kwa mlango huo. Mimi nilikuwa na cheti cha taipu na sauti kubwa. Mama alisema niliipata kwa kuita mbuzi waliovuka bonde, kule kwetu upande wa Kola.

Siku hizo mji wa Machakos bado ulikuwa na baraza lake la madiwani. Kaunti zilikuwa hazijaja. Madiwani walikuwa wakutane na akina mama wa soko kuhusu bajeti ya mwaka, hasa choo cha soko, ambacho kilijadiliwa tangu nikiwa shule ya msingi. Asubuhi hiyo mkalimani wa baraza, Mzee Bakari, aliamka bila sauti. Karani mkuu akasimama mlangoni mwa chumba chetu akauliza, "Nani hapa anaweza kututafsiria Kikamba?" Chumba kizima kilikuwa cha Wakamba. Wote wakatazama viatu vyao. Mimi nilikuwa mgeni pale, sikujua bado kwamba ofisini swali la namna hiyo hujibiwa kwa viatu.

Walinisimamisha katikati ya ukumbi, madiwani upande mmoja, akina mama upande wa pili. Diwani wa kwanza akasema kwa Kiingereza kwamba choo kitajengwa fedha zikipatikana. Nikageukia akina mama nikasema kwa Kikamba, "Anasema ati choo kitajengwa wakipata pesa, sasa sijui." Hilo "sijui" lilikuwa langu. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Diwani akataka atafsiriwe kilichochekesha.

Mzee Bakari alikuwa ameketi nyuma kabisa, shali imemzunguka shingoni. Kikao kilipokwisha aliniita kwa kidole.

"Binti," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "leo umekuwa watu watatu. Umekuwa diwani, umekuwa wewe, na umekuwa jirani yake muuza nyanya. Wapunguze."

Alitoka katika zile familia za Waislamu wa mjini ambazo mababu zao walipanda kutoka pwani kwa biashara wakasahau kurudi. Alikuwa amezaliwa Machakos, akafanya kazi ya ukalimani mahakamani kabla ya kuja barazani, na Kikamba chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Kiswahili chake sisemi. Nikisema "niko na kalamu," angegeuka huku na huku akitafuta. "Uko na kalamu? Mko wapi, wewe na mwenzio?" Mpaka leo nikisikia mtu anasema niko na, hugeuka kidogo.

Alinichukua nikawa mwanafunzi wake, na hakuna aliyeandika barua yoyote kuhusu jambo hilo. Alinifundisha kubeba maji ya uvuguvugu kwenye chupa, bila sukari, na kutokunywa maziwa kabla ya kikao kwa sababu maziwa huvisha koo soksi. Alinifundisha pa kusimama: si karibu na wakubwa, si karibu na wananchi, bali pale ambapo pande zote mbili zinaona ubavu wako. Kipaza sauti chetu cha mkono kilikuwa na mbinja iliyotokea bila kuitwa. Alinionyesha mahali pa kukipiga kofi. Aliniambia nisimtazame anayesema usoni, kwa sababu uso utakuingiza huruma au hasira. Nitazame kifungo cha pili cha shati lake.

Na alinifundisha ile kanuni mnayoijua. "Akisema mimi, nawe sema mimi. Ukisema 'anasema ati,' watu watakutazama wewe. Ukisema mimi, muda si mrefu watakusahau."

"Na wakinisahau?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kanuni nyingine hakuisema, niliiona tu. Mzee Bakari hakula na mtu. Baada ya vikao, ambavyo vijijini vilifanyika shuleni, wakubwa walikaribishwa wali na nyama darasani, wananchi walipewa soda na mkate uwanjani, naye alifungua mkoba wake ndani ya gari akala chapati zake mbili akiangalia mbele kama dereva. Ukila na wakubwa, wananchi watasema umenunuliwa. Ukila na wananchi, wakubwa watasema unawachochea. Nilianza kubeba viazi vitamu vilivyochemshwa. Nimekula viazi vitamu ndani ya magari ya serikali katika kila pembe ya Machakos, na nawashauri mbebe chumvi.

Alipostaafu, nikabaki mimi. Kisha kaunti zikaja, na sheria ikataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa. Kazi ikawa nyingi. Palikuwa na mafungu ya barabara, maji na afya, na palikuwa na ruzuku za vikundi vya jamii, ambazo kila kikundi kilikuja kujieleza mbele ya kamati. Wamunyu tulikutana na wachonga vinyago waliokataa kuweka tezo chini; walituambia wanasikia vizuri zaidi wakichonga, nami nikawa nasema kati ya pigo na pigo. Mavoko vijana waliongea Sheng mpaka nikanyanyua mikono, msichana mmoja akanionea huruma akanitafsiria Kiswahili, nami nikakipeleka kwa Kiingereza. Siku hiyo bajeti ilipita kwenye midomo mitatu, na kijana aliyeomba uwanja wa mpira nusura apewe machinjio.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni lile la Kiingereza ambalo wakubwa hulitamka mwananchi akimaliza kusema: "noted," yaani limeandikwa. Mama amesimama na mtoto mgongoni, amesema habari za maji mpaka jasho limemtoka, na mkubwa anajibu kwamba limeandikwa. Si ndiyo, si hapana. Ukimwambia Mkamba kwamba jambo lake umeliandika, yeye anakwenda kuchimba msingi. Nilijaribu "tumesikia." Nilijaribu "tumelipokea." Bado walichimba msingi.

Jambo jingine nililigundua polepole, na nataka mlijue mapema. Wengi wa wakubwa hao walikuwa Wakamba kama mimi, waliozaliwa Masii, Mwala, huko huko. Fungu likipatikana, walisimama wenyewe wakaitangaza habari hiyo kwa Kikamba kitamu, na methali juu. Fungu lisipopatikana, walijibu kwa Kiingereza, wakakaa, wakaniachia. Kwa hiyo watu wa vijiji vingi walisikia ndiyo kutoka kwa mheshimiwa na hapana kutoka kwangu. Nilikuwa sijajali. Vijiji hivyo havikuwa vyangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Nduku. Aliolewa kijiji kile kile tulichozaliwa, akabaki huko, akawa kiongozi wa mwethya, lile kundi la akina mama wanaopokezana kulimiana na kuchimbiana mitaro. Kwetu hapakuwa na zahanati. Mwenye uchungu wa uzazi alisafirishwa hadi mjini, na wengine walijifungulia njiani, kwenye nyasi za kando ya barabara. Mzee mmoja akatoa kipande cha ardhi, na akina mama wa mwethya wakaamua kuanza. Walifinyanga matofali ya udongo kwa mikono. Hawakuyachoma, kwa kuwa kuni za kuchomea hazikuwapo, wakasema plasta itayakinga baadaye. Kuta zilipanda mpaka mahali pa kuanzia paa. Hapo nguvu zikaisha, wakaomba ruzuku ya mabati na mbao.

Kabla ya kikao, Nduku alikuja nyumbani kwangu Mumbuni akiwa na jogoo kwapani. Mume wangu alikuwa hai bado. Yeye ndiye aliyemfunga jogoo kwenye mguu wa tangi la maji. Nduku alikunywa chai, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Tumesikia ni wewe utakuja na hiyo kamati. Utatusemea?"

"Nitawasemea," nikasema.

Alifurahi akaomba chai ya pili. Mimi nilimaanisha kazi yangu. Yeye alisikia ahadi ya dada. Neno lilikuwa moja.

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya hema la kukodi. Niliposhuka garini, akina mama walinipokea kwa nyimbo. Walikuwa wamevaa leso za aina moja. Walimu wangu wa zamani walikuwepo, majirani walikuwepo, na mama yetu aliwekewa kiti cha mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Nikaenda kusimama mahali pangu, pa kuonyesha ubavu.

Nduku alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Waheshimiwa, hatukuja kuomba zahanati. Zahanati tumeijenga, iko pale, mnaweza kuiona mkigeuka. Tumekuja kuomba kofia yake, kwa sababu mvua ikija itanyeshewa."

Niliyapeleka kwa Kiingereza jinsi yalivyokuwa, kofia na yote. Wajumbe wawili waligeuka kutazama. Nilijisikia vizuri, siwafichi.

Mwenyekiti wa kamati akaegemea kiti. Alipoanza kwa Kiingereza, nilijua jibu. Alisema ameona kazi ya akina mama na anawapongeza. Lakini ruzuku za vikundi haziruhusiwi kujenga zahanati. Zahanati ni ya fungu la afya, na jengo hili haliko kwenye mpango wa fungu hilo mwaka huu. Hawezi kutoa paa. Hakusema uongo. Ndivyo taratibu zilivyokuwa.

Nikatazama kifungo chake cha pili, nikageuka, nikasema kwa Kikamba: "Nimeona kazi yenu, nawapongeza. Lakini mwaka huu siwezi kuwapa paa. Jengo lenu haliko kwenye mpango wangu."

Upepo ukapiga hema. Kisha mama mmoja wa mwethya, aliyewahi kunibeba mgongoni nikiwa mdogo, akasimama bila kuomba nafasi.

"Mbithe, unasema huwezi?"

Mkalimani hachagui. Likisemwa kikaoni, linapelekwa. Nikamgeukia mwenyekiti nikalipeleka kwa Kiingereza: Mbithe, unasema huwezi? Mwenyekiti akakunja uso. Jina langu la kuzaliwa hakulijua; alinijua kwa jina la mume wangu, kama ofisi nzima.

"Mbithe ni nani?" akauliza kwa Kiingereza.

Nikawageukia watu wa kwetu. Mama yangu alikuwa mbele. Nikasema kwa Kikamba, kwa sauti ile ile ya kuita mbuzi, "Mbithe ni nani?"

Nduku alikuwa bado amesimama. Alinitazama. "Hata sisi tunauliza," akasema, akaketi.

Hilo nalo nililipeleka. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema limeandikwa.

Baada ya kikao nilikula viazi vyangu garini. Hakuna aliyekuja dirishani. Akina mama walikunja leso zao wakaondoka bila kuimba, na mama yangu akaongozwa nyumbani na mtoto wa jirani. Nilitaka kushuka nimkimbilie, lakini dereva akawasha gari. Tulikuwa na kikao kingine mchana.

Mvua za mwaka huo zilikuja mapema na zikakaa. Kuta za udongo zisizo na paa hazianguki kwa kishindo. Zinayeyuka. Jumapili nilipokwenda kumwona mama, nilipita pale nikakuta mabega ya kuta yameviringika kama sabuni iliyotumika, na akina mama watatu wamesimama kwenye mvua wakitandaza karatasi za plastiki zilizokuwa zikipeperushwa. Nikashuka nikashika pembe moja. Hakuna aliyenifukuza. Lakini yule aliyekuwa ameshika pembe ya pili aliiachia, akaenda kushika nyingine.

Nilikwenda kwa Mzee Bakari. Alikuwa anaishi nyuma ya msikiti, amekonda, mkewe akatuletea kahawa ya tangawizi. Nikamweleza yote. Nilitaka aniambie kwamba nilikosea kanuni mahali fulani, ili nijue pa kurekebisha.

"Ulifanya kazi sawasawa," akasema.

"Lakini nimepoteza nyumbani, Mzee."

Akazungusha kikombe. "Mimi nilimsomea mpwa wangu hukumu. Hakimu alisema miaka yake kwa Kiingereza, nami nikamwambia mtoto yule uso kwa uso: nimekufunga. Dada yangu alikuwa kwenye benchi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerudi kwenye taipu."

Nilitembea mpaka kituo cha magari nikiwa na hasira naye, na ilipofika jioni hasira ilikuwa imekwisha, imebaki ile nyingine, ambayo haina mtu wa kuelekezewa.

Mama yetu alifariki miaka michache baadaye. Kwenye maziko alikuja mhubiri kutoka Nairobi asiyejua Kikamba, na ilijulikana kwamba lazima pawe na mkalimani. Watu wakaanza kunitazama, kwa mazoea tu. Mchungaji wa kwetu akanisogezea maiki. Nduku akasimama.

"Atafutwe mwingine," akasema, bila kupandisha sauti.

Wakamleta kijana wa kwaya. Alijitahidi. Mhubiri aliposema marehemu amekwenda kupumzika, kijana akasema marehemu amekwenda likizo. Alikosea Zaburi, akakosea jina la mama. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ndugu zangu, mdomo umefungwa, na kila neno lililopotoka lilinichoma mahali pake. Sikuwahi kutamani kufanya kazi kama nilivyotamani siku hiyo.

Zahanati ilijengwa. Fungu la afya lilifunguka, mwakilishi wetu akalifuatilia, ikajengwa kwa mawe. Siku ya kutangaza fungu hilo tulikwenda na kamati, mwenyekiti yule yule. Nilikuwa na kipaza sauti tayari na maji yangu ya uvuguvugu. Yeye akasimama, akavua kofia, akatangaza yote kwa Kikamba. Akina mama wakapiga vigelegele, wakamnyanyua mwenyekiti, na Nduku akacheza kama msichana. Mimi nilisimama pale pa ubavu, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, kama mtu aliyeshika mwavuli siku ya jua. Nilifurahi. Furaha ya mtu ambaye hana wa kumgeukia na kumwambia, "Umeona?"

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Vikao vilikuwa vingi na vilifanana. Mume wangu akatangulia mbele za haki. Mwanangu ana familia yake Syokimau. Nikastaafu mwaka huu. Mlinipikia pilau, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, mkasema maneno mazuri kwa lugha tatu na sikutakiwa kutafsiri hata moja.

Baada ya hapo ndipo nilipojua nyumba ya Mumbuni ina ukimya wa namna gani. Wajukuu walikuja likizo, wakanisalimu "Niaje shosh," wakaongea wao kwa wao chakula kizima, nami niliyewasemea watu maisha yangu yote nikawa naambulia neno moja moja. Walipoondoka nilijikuta nasimama mbele ya redio, taarifa ya habari ikisomwa kwa Kiingereza, nami naitoa kwa Kikamba, mikono nyuma, mbele ya viti vitupu. Nilipogundua ninachofanya nilizima redio nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Nikamkuta Nduku amesimama na mkono ukutani. Alikuwa anatazama kando ya bega langu.

"Uvoo waku," akanisalimu.

"Ni museo. Ingia."

"Siingii. Niko na daktari wa macho saa hizi, hapo hospitali. Mara ya kwanza alinieleza kwa Kiingereza na mimi nikasema yes, yes, mpaka nikafika nyumbani na sijui nimekubali nini." Akaguna. "Nimekuja unisemee."

Nilivaa viatu.

Daktari alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa mbali, Kiswahili chake kilikomea kwenye pole na asante. Alimmulika Nduku jicho moja, akamulika la pili, akaketi. Akasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kutibiwa. Kuona kulikopotea hakutarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, lakini hata hicho kitaendelea kupungua.

Nikafungua mdomo. Nilitafuta kifungo cha pili. Alikuwa amevaa fulana ya hospitali isiyo na vifungo. Nikamgeukia dada yangu na ile "mimi" ikakataa kutoka.

"Daktari anasema," nikaanza. Sikuwa nimeyatamka maneno hayo tangu habari za choo cha soko.

"Sema yote," Nduku akasema. "Usinipunguzie."

Nikasema yote. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akasema, "Muulize kama nitaweza kuona mtu anayeingia uani kwangu, ama nitakuwa nasikia tu."

Daktari akajibu kwamba sura, hapana. Kivuli, kwa muda.

Tukakaa kwenye benchi nje ya duka la dawa tukisubiri kuitwa. Watu walikuwa wengi, mtoto mmoja alikuwa akilia. Nduku alikaa akielekeza uso kwenye mwanga wa mlango.

"Siku ile uwanjani," akasema, "nilikuangalia sana. Wewe hukuwa unaangalia mtu."

"Nilikuwa naangalia kifungo cha shati la mwenyekiti. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kifungo."

"Ndiyo."

"Sisi wote tulikuwa tunakuangalia wewe," akasema. Halafu jina lake likaitwa, tukasimama kuchukua dawa.

Nilimwomba akae kwangu. Akakataa, ana mbuzi, ana shamba, na Mumbuni, alisema, mtu hajui hata jirani anakohoa nini. Lakini matone yale yalimshinda. Mikono yake ilitetemeka, dawa ikateremka shavuni, na watoto wake wako Mombasa. Nikamsindikiza nikae siku mbili nimwekee. Siku mbili zikawa wiki. Nikarudi Mumbuni kuchukua nguo na sufuria yangu, nikampangisha mwalimu mmoja nyumba, nikamwachia na ile saa ya ukutani.

Msidhani kijiji kilinipokea. Watu walikuja kumwona Nduku, wakamsalimu kwa maneno marefu, wakanipa mimi kiganja. Dukani mazungumzo yalishuka nikiingia na kupanda nikitoka. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi mbele na nyuma. Jioni nilimwekea Nduku matone, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, tukakaa bila kuongea mengi, kwa sababu hata sisi wawili tulikuwa tumesahau jinsi ya kuanza.

Kisha zamu ya mwethya ikaangukia shamba la Nduku. Walikuja mapema, wazee kwa wasichana, majembe begani. Mteremko wa nyuma ya nyumba ulikuwa unaliwa na maji na ulihitaji mitaro mipya. Wakajipanga kwa mstari kama kawaida, kila mmoja na kipande chake. Nduku alitolewa kiti barazani awasikilize. Mimi nilikuwa nimebandika chai, nikasimama mlangoni mwa jiko nikiwa sijui nikae wapi.

Yule mama aliyenibeba mgongoni zamani sasa ni mzee sana. Hachimbi, anaelekeza tu. Alipita kwenye mstari, akafika mwisho, akaona pengo. Akaangalia huku na huku. Akachukua jembe lililokuwa limelala kwenye nyasi, akaja nalo mpaka nilipo, akalinyoosha kwa mpini.

"Kipande kile hakina mtu," akasema.

Nikalichukua. Mikono yangu ilikuwa haijashika jembe tangu ujana, na baada ya mapigo machache viganja vilianza kuwaka. Kulia kwangu alikuwa mwanamke nisiyemjua, aliyeolewa hapo nikiwa sipo. Hakunisemesha. Alichimba, nami nikachimba, nikitupa udongo kwenye mteremko, upande wa chini, ulio rahisi. Akanitazama, akasimamisha jembe.

"Si huko," akasema. "Tupa juu, udongo uzuie maji."

Nikapinda mgongo, nikajaza jembe, nikatupa juu.